Kesi Inayokufa Kabla Shahidi Hajaapa

Kariakoo, Dar es Salaam, kuna utaratibu ambao wenye viwanja na wenye mitaji wameuzoea. Mzee ana nyumba ya zamani na kiwanja cha thamani, ila hana fedha za kujenga. Mwekezaji ana fedha lakini hana kiwanja. Wanaandikiana mkataba wa ubia, nyumba inabomolewa, ghorofa linapanda, na kila upande unachukua sakafu zake. Mzee akifariki, au sakafu zikaongezeka kuliko zilizoandikwa, watu wanafikishana mahakamani. Baadhi ya mashauri ya namna hii huishia njiani, jaji akiwa hajasikia neno hata moja kuhusu ghorofa lenyewe.

Kinachoyamaliza ni pingamizi la awali. Wakili wa mdaiwa huliwasilisha kwenye ukurasa mmoja tu, akieleza kwamba shauri lina kasoro ya kisheria isiyoruhusu lisikilizwe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watoto watatu wa marehemu wamefungua shauri mwaka 2024, wakidai kwamba mwekezaji alipaswa kuwakabidhi sakafu mbili mwaka 2017 na hakufanya hivyo. Hoja ya kwanza ya mdaiwa: hawa ni watoto, sawa, lakini hakuna aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, na msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kudai mali ya marehemu. Hoja ya pili: hati ya madai inasema tu "kiwanja kilichopo Kariakoo", bila namba wala kitalu, ilhali Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya VII kanuni ya 3, inataka ardhi inayogombaniwa ielezwe kiasi cha kutambulika. Hizi mbili zinaua kesi nyingi, na zote zingeepukika kabla ya kufika masjala.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, madai ya kurejesha ardhi yana miaka 12. Madai ya mkataba yana miaka 6. Kwa hiyo swali linakuwa: hawa watoto wanadai ardhi ya baba yao, au wanadai kutekelezewa mkataba wa baba yao? Wakidai ardhi, mwaka 2024 bado wamo ndani ya muda. Wakidai mkataba, walichelewa tangu 2023. Wakili wa mdaiwa atasema huu si mgogoro wa ardhi hata kidogo, ni wa mkataba uliovunjwa. Wakili wa watoto atasema sakafu ni sehemu ya jengo, na jengo limesimama juu ya kiwanja chao. Hatima ya familia nzima inaning'inia kwenye hoja hii, na shahidi bado yuko nje kwenye benchi.

Je, hoja ya muda inafaa kuamuliwa mapema hivyo? Jibu lilitolewa mwaka 1969 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya kampuni ya biskuti ya Uganda, Mukisa Biscuit. Mahakama ilisema pingamizi la awali ni hoja tupu ya sheria, inayojadiliwa kwa kuchukulia kwamba yote yaliyoelezwa na upande wa pili ni kweli. Likihitaji ushahidi, si pingamizi tena. Kwa hiyo kama hati ya madai yenyewe inasema makabidhiano yalipaswa kufanyika 2017, jaji anaweza kuhesabu miaka akaamua. Lakini mwekezaji akisema tarehe ilisogezwa kwa makubaliano ya mdomo, au kwamba sakafu zilishakabidhiwa kwa mzee akiwa hai, hapo ameingia kwenye ushahidi. Wapo mawakili wanaolivika suala la ushahidi joho la sheria, wakijua kwamba hata likikataliwa, miezi kadhaa imepita na mafundi hawajashuka kwenye jukwaa.

Shauri likianguka, inafaa kuuliza limeangukaje. Lililokosa sifa, kwa mfano kwa kufunguliwa na asiye msimamizi, huondolewa tu. Watoto wanaweza kwenda kuomba usimamizi na kurudi. Lililopitwa na muda hutupwa, na hapo njia iliyobaki ni rufaa.

Tanzania ilijaribu kulegeza ukali huu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliwataka majaji watazame haki ya msingi kuliko dosari za kiufundi, jambo ambalo Ibara ya 107A ya Katiba ilishalitaja. Matumaini yalikuwa makubwa, labda makubwa mno. Mwaka huohuo, katika mgogoro wa ardhi ya Loliondo baina ya Kijiji cha Mondorosi na Kampuni ya Bia Tanzania, Mahakama ya Rufani ilisema kanuni hiyo haiwezi kutumiwa kuruka masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri.

Sharti la lazima linalowaumiza wengi ni la notisi. Anayetaka kuishtaki halmashauri iliyotoa kibali cha ujenzi lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, na tangu mabadiliko ya 2020 amuunganishe pia Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Akikosa kimojawapo, pingamizi linamsubiri mlangoni. Siku 90 kwa mkandarasi mwenye haraka ni sakafu kadhaa. Ndiyo maana Mahakama Kuu hupokea maombi ya zuio yanayoitwa Mareva, kwa jina la kampuni ya meli iliyoshinda kesi London mwaka 1975, ili ujenzi usimame wakati notisi inaiva. Mwombaji lazima aonyeshe madhara ambayo fidia haitayaponya, na picha za nyufa kwenye ukuta wa jirani husaidia kuliko maneno.

Kenya mtego uko kwenye kuchagua mlango. Jirani wa Kilimani asiyetaka jengo la ghorofa nyingi pembeni mwa nyumba yake hukimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kumbe Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka kwanza akate rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya kaunti, ndani ya siku 14 tangu kibali kutolewa. Akipinga leseni ya mazingira, mlango ni Baraza la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60. Mahakama humrudisha huko bila kugusa urefu wa jengo, kivuli chake wala maji taka. Kwa kuwa kibali hutolewa kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, jirani anayesubiri kuona nguzo zikisimama huwa kishapitwa na siku 14 hizo.