Fahamu: Nova ni nini, na kwa nini wanaastronomia wanaisubiri?

Nova ni nyota inayong'aa ghafla mara maelfu kuliko kawaida yake, kisha ikafifia. Kwa Kilatini neno hilo lina maana ya "mpya".

Jina lilikotoka

Novemba 1572, Tycho Brahe wa Denmark aliona nyota mahali ambapo hapakuwa na nyota. Mwaka uliofuata akachapisha kitabu, De nova stella, yaani "Kuhusu nyota mpya". Ajabu ni kwamba nyota hiyo haikuwa mpya hata kidogo: ilikuwa nyota kongwe iliyolipuka na kuteketea, tukio ambalo leo huitwa supanova.

Nova hutokeaje?

Nyota mbili huzungukana. Moja ni kibete cheupe, kiini kilichosalia cha nyota iliyokwisha kuzeeka. Hiki hunyonya haidrojeni ya mwenzake hadi tabaka lililorundikana juu yake lilipuke kwa nguvu za nyuklia. Kibete chenyewe husalimika na kuanza kunyonya tena.

Inayosubiriwa

Nova iitwayo T Coronae Borealis, takriban miaka 3,000 ya nuru kutoka duniani, ililipuka 1866 na 1946. Ikirudia, itaonekana bila darubini, lakini kwa siku chache tu.

Nje ya anga

Neno nova, "mpya", limo pia katika majina mengine. Nova Scotia ya Kanada, yaani Scotland Mpya, ilipewa jina hilo 1621. Bossa nova ni muziki wa Brazil uliochipuka mwishoni mwa miaka ya 1950.