Kuokoa Mbao za Baraza Kongwe Gisenyi

Baadhi ya nyumba zilizojengwa enzi za ukoloni mjini Gisenyi, Rwanda, kandokando ya Ziwa Kivu, zingali na baraza zenye nguzo, boriti na vizuizi vya mbao. Baraza ndiyo hupigwa zaidi na mvua na jua, kwa hiyo ndiyo huharibika mapema. Wengi wanaokarabati nyumba hizo hung'oa mbao zote na kuweka chuma au zege, ilhali mara nyingi uozo umekula sehemu ndogo tu.

Mbao hizo si rahisi kupata tena, kwa kuwa msitu wa asili umepungua sana. Msitu wa Gishwati, ulio kusini-mashariki mwa mji, ulikuwa na takriban hekta 28,000 katika miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2002 zilibaki kama 600, na masalia yake sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura. Mbao nyingi za siku hizi hutokana na miti ya kupandwa inayokua haraka, hasa mikaratusi, na mkaratusi ukitumiwa ukiwa mbichi hujipinda na kupasuka.

Adui mkuu ni maji. Ubao ambao unyevu wake haufiki asilimia 20 hauozi. Hatari huanza maji yanapotuama, hasa kwenye kitako cha nguzo, kwa sababu ncha ya ubao hunyonya maji kwa kasi kuliko ubavu wake. Viungo vilivyoachana navyo hupitisha mvua. Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ilipasua nyumba nyingi katika Wilaya ya Rubavu, ulipo mji wa Gisenyi, hivyo kila kiungo cha baraza kinastahili kukaguliwa.

Ukaguzi hauhitaji mashine. Fundi huchoma ubao kwa ncha ya bisibisi, kisha huinua kidogo. Kikitoka kibanzi kirefu chenye nyuzi, ubao ni mzima. Ukivunjika vipande vifupi vinavyomeguka, umeoza. Nguzo hukaguliwa pande zote, kuanzia chini kupanda juu, mpaka ubao mgumu ufikiwe.

Kazi huanzia juu. Paa na mifereji inayovuja hurekebishwa kwanza, la sivyo ubao mpya utaoza kama wa zamani. Kisha boriti huegemezwa kwa nguzo za muda kabla ya kukata chochote. Sehemu iliyooza hukatwa kwa mshazari, na kipande kipya cha mbao kavu, ikiwezekana cha aina ileile, huchongwa kikaingia barabara, nyuzi zikielekea upande mmoja. Hufungwa kwa gundi isiyoharibiwa na maji na skrubu zisizoshika kutu. Mshazari uteremke kuelekea nje ili maji yasiingie ndani ya kiungo. Kitako cha nguzo huinuliwa sentimita 2 au 3 juu ya jiwe kwa kishikio cha chuma, hewa ipite chini yake.

Rangi ya zamani inataka tahadhari, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Isichomwe kwa moto wala kusuguliwa kwa msasa ikiwa kavu. Huloweshwa, hukwanguliwa, na mabaki yote hukusanywa. Baadaye ncha za ubao hushibishwa rangi ya msingi kabla ya kupaka tabaka mbili za rangi ya nje. Wakati mzuri ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, mbao zikiwa zimekauka. Baada ya hapo, baraza ikaguliwe kila mwaka kabla ya mvua za Septemba.

Kwa hiyo, kabla fundi hajashika msumeno, mwenye nyumba amtake achore kwa chaki mipaka ya sehemu zilizooza. Mbao zote zilizo nje ya chaki zibaki mahali pake.