Kalsiamu kwa Mjamzito: Kinga Dhidi ya Kifafa cha Mimba

Takribani asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili huhifadhiwa katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachosalia ndicho kinachowezesha moyo kudunda, misuli kukaza na kulegea, na damu kuganda mtu anapojeruhiwa. Chakula kisipotosheleza, mwili huchota madini hayo kutoka katika mifupa, hivyo upungufu huweza kudumu muda mrefu bila kujulikana.

Kwa mjamzito, upungufu huo huongeza hatari ya shinikizo la juu la damu linaloanza baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, ambalo mara nyingi huambatana na protini katika mkojo. Hali hiyo isipodhibitiwa, huweza kusababisha degedege, yaani kifafa cha mimba, na kuhatarisha maisha ya mama na mtoto.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza gramu 1.5 hadi 2.0 za kalsiamu kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambako chakula kina kalsiamu kidogo. Utafiti uliofanyika Tanzania na India, ukihusisha wajawazito 11,000 wasiowahi kuzaa katika kila nchi na kuchapishwa mwaka 2024, ulibaini kuwa miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko miligramu 1,500 katika kuzuia tatizo hilo. Hata hivyo, kuhusu kuzaa kabla ya wakati, matokeo ya Tanzania hayakuthibitisha hivyo.

Kalsiamu hupunguza ufyonzwaji wa madini chuma; kwa sababu hiyo, vidonge vya aina hizo mbili humezwa kwa kupishana saa kadhaa. Maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa ni vyanzo vizuri vya kalsiamu.

Hospitalini, kalsiamu pia ni dawa ya dharura. Mgonjwa wa kifafa cha mimba hutibiwa kwa sindano ya magnesiamu salfeti; dawa hiyo ikizidi mwilini na kudhoofisha upumuaji, kalsiamu glukoneti hudungwa katika mshipa ili kuipinga.

Wajawazito wanashauriwa kuanza kliniki mapema, kupimwa shinikizo la damu katika kila hudhurio na kutotumia vidonge bila ushauri wa mtaalamu. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, au maumivu ya tumbo la juu ni dalili za kuwahi kituo cha afya bila kusubiri tarehe ya kliniki.