Mgonjwa wa muda mrefu anahitaji jirani pamoja na dua

Na Tabibu wa Safu hii, Igoma, Mwanza

Juma hili tuzungumzie jambo lililopo katika mitaa yetu mingi, lakini hulijui mpaka uingie ndani ya nyumba. Nalo ni namna ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu hapo hapo alipo, pamoja na huduma zilizopo ambazo familia nyingi hazizijui.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Ustadhi aliyenifundisha Juzuu Amma alipata kiharusi. Alilazwa, akaruhusiwa, akarudi nyumbani upande wake wa kulia ukiwa hauna nguvu. Kwa muda wa miezi mitano jina lake lilitajwa msikitini kila Ijumaa, nasi tukainua mikono na kuitikia amina. Mimi nilikuwa safu ya mbele. Siku binti yake aliponifuata kuomba dawa ya kuondoa harufu chumbani, ndipo nilipokwenda. Nilimkuta mzee amelala chali juu ya godoro lililobonyea, na juu ya makalio ana kidonda ambacho kisosi cha chai kingekifunika kwa shida. Binti alikuwa akiuza dagaa sokoni. Aliacha biashara ili amuuguze baba yake, na kwa uzito wa mzee hakuweza kumgeuza peke yake. Kutoka msikitini hadi mlango wa nyumba ile hazifiki hatua mia moja.

Sisemi kwamba dua haina kazi. Nasema watu tulioomba dua tulikuwa wengi, na kumgeuza mzee yule ilihitajika mikono minne tu.

NI JAMBO LA WATU WENGI

Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Utafiti wa mwaka 2008 ulikuwa umetoa asilimia 7.8. Ukihesabu watu mia katika mtaa wako, kumi na mmoja wamo humo. Wengine walizaliwa hivyo. Wengine walipooza kwa kiharusi kilichotokana na presha isiyotibiwa, wengine walikatwa mguu kwa kisukari, wengine walivunjika uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda, na wengine walipoteza uoni taratibu bila kwenda kupimwa.

Dini yetu haikumweka mtu wa namna hii uani. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, na kwa sababu yake iliteremshwa Suratu 'Abasa. Mtume (s.a.w.) alimfanya kuwa muadhini, na aliposafiri alipata kumwachia usimamizi wa Madina. Kumtembelea mgonjwa kumehesabiwa kuwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Sasa kutembelea kwenyewe kuweje? Tukae mkekani, tunywe chai, tuseme "pole" na kuondoka?

KUMUUGUZA ALIYELALA

Kidonda cha mgandamizo hutokea pale uzito wa mwili unapobana ngozi kati ya mfupa na godoro kwa saa nyingi. Damu haipiti, nyama inakufa. Hakitokani na husda wala upepo mbaya. Hutokea zaidi juu ya makalio, nyongani, visiginoni, viwikoni, kwenye mabega na hata kisogoni. Mambo ya kufanya ni haya:

1. Mgeuze kila baada ya saa 2: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Weka mto mdogo kati ya magoti, na mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Anayeweza kukaa kitini ainuliwe makalio kidogo mara kwa mara.

2. Kagua ngozi yake kila siku wakati wa kumuogesha. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo tafuta sehemu iliyozidi weusi, yenye joto au iliyokuwa ngumu. Ukiiona, usiisugue wala usiikande. Iondolee uzito.

3. Akijisaidia, msafishe mara moja kwa maji safi, kwa mwanamke kutoka mbele kwenda nyuma, kisha mkaushe vizuri. Ngozi inayolowa mkojo huchubuka haraka. Shuka lisiwe na mikunjo wala makombo ya chakula.

4. Usimkalishe juu ya ringi ya mpira. Inabana damu pembeni na kuongeza tatizo. Kidonda kikishatoboka usinyunyizie unga wa vidonge wala majivu. Mwite mhudumu wa afya.

5. Mlishe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, na abaki ameketi kwa nusu saa. Aliyepooza akilishwa huku amelala, chakula huingia kwenye mapafu. Kidonda kinahitaji chakula cha kujenga mwili, nasi watu wa ziwa hatuna udhuru: dagaa waliosagwa kwenye mchuzi, sangara, maharage na mayai vinatosha.

6. Nyoosha na kunja viungo vyake vyote polepole, asubuhi na jioni, visije kukakamaa. Usimwinue kwa kuuvuta mkono uliopooza, kwani bega huchomoka. Miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi kwa mazoezi. Miezi mitano ya ustadhi wetu ilipita bila zoezi hata moja.

7. Dawa za presha au kisukari ziendelee kila siku hata akijisikia vizuri. Kumsomea Qur'ani ni jambo jema, lakini kusimamisha vidonge kwa sababu amesomewa ni kumtafutia kiharusi cha pili.

Kuhusu swala, mgonjwa huswali kwa kukaa, na asipoweza huswali kwa ubavu. Asiyeweza kugusa maji ana tayammamu. Mwenye mpira wa mkojo, au anayetumia insulini na ana shaka kuhusu funga, amuulize shekhe wake baada ya kuzungumza na tabibu wake. Wagonjwa wengi huacha swala kwa kudhani mwili wao hauna tohara, na hilo huwaumiza kuliko maradhi yenyewe.

ZAMU YA MTAA

Kwa ustadhi tulifanya jambo dogo. Tulichukua daftari la shilingi chache, tukaandika majina ya vijana wanane waliosoma kwake, na tukagawana zamu. Kila baada ya swala wawili walikwenda kumgeuza, na katikati ya swala jirani mmoja alimsaidia binti. Mzee mwanamume akahudumiwa na wanaume, ili kumsitiri. Akiwa mgonjwa ni mwanamke, kina mama wa madrasa wapange zamu yao. Siku mbili kwa wiki binti alirudi sokoni, na mke wa jirani akakaa na mzee.

Msiache zamu bila daftari. Bila kuandika, kila mmoja hudhani mwenzake amekwenda. Na anayeuguza naye ni mgonjwa asiyeonekana: halali, mgongo unamuuma, fedha zimekwisha, na anaona aibu kuomba. Mwulize yeye kwanza.

Kidonda kilifunga baada ya miezi minne ya kusafishwa na kugeuzwa. Mkono wa kulia haujarudi. Lakini mzee anakaa kitini, na jioni watoto wawili watatu humletea juzuu zao.

HUDUMA ZINAANZIA WAPI

Wengi hukimbilia mjini moja kwa moja, wakapoteza nauli na siku. Ngazi ni hizi:

Anza mtaani. Mwambie mwenyekiti au mtendaji wa mtaa ili mgonjwa au mtoto aandikwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwepo kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Asiyeandikwa hahesabiwi msaada unapopangwa. Uliza pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwaajiri wahudumu hawa kote nchini, na kufika majumbani ni kazi yao.

Kisha kituo cha afya. Hapo hupimwa presha na sukari, husafishwa vidonda, na hutolewa barua ya rufaa. Usiende hospitali kubwa bila barua hiyo.

Kisha hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, na Bugando ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda. Uliza huduma za utengamao, yaani mazoezi ya viungo na vifaa vya kumrudisha mtu katika shughuli zake. Asiye na uwezo wa kulipa aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani. Yeye ndiye anayepima hali ya mgonjwa na kuandika msamaha.

Kwa anayeweza kufanya kazi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Ndugu zetu wengi huikwepa wakidhani ina riba. Kwa mujibu wa sheria haina riba. Fundi cherehani mwenye ulemavu wa mguu aende na wenzake kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akaulize masharti.

WATOTO WANAOFICHWA

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, yaani mguu kifundo, hutibika. Akiwahishwa wiki za mwanzo hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida wiki 5 hadi 8, kisha huvaa viatu maalumu, baadaye usiku tu mpaka afikishe miaka minne hivi. Akifichwa ndani kwa aibu mpaka mifupa ikomae, matibabu huwa magumu zaidi.

Mtoto anayelia viungo kila mara, macho yana manjano na damu inapungua, apimwe seli mundu. Kanda yetu ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa maradhi haya. Hayaletwi na jirani mchawi. Hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili. Anywe maji mengi, akingwe na baridi na malaria, na ahudhurie kliniki. Wewe jirani unaweza kumsaidia bila hata kumjua: Kituo cha Damu Salama cha Kanda kipo hapa hapa Mwanza, na chupa yako moja inaweza kumfikia yeye.

Na kamati za zaka zikumbuke kuwa nepi za mgonjwa, nauli ya bajaji kwenda kwenye mazoezi na godoro zuri ni mahitaji ya maskini na mafukara, sawa na kilo ya mchele wa Ramadhani.

Ijumaa hii jina la mgonjwa litakapotajwa, itikia amina. Kisha swala ikiisha uliza nyumba yake ni ipi, uende.

Wabillahi tawfiq.