Vitamini D na Misuli ya Vijana: Sehemu ya Pili

Katika sehemu iliyotangulia ilielezwa jinsi ngozi inavyotengeneza vitamini D inapopigwa na mionzi ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya nuru ya jua isiyoonekana kwa macho, na jinsi ini na figo vinavyoigeuza hatua kwa hatua mpaka ikawa homoni inayousaidia utumbo kufyonza kalsiamu ya chakulani. Sehemu hii inahusu misuli, ambayo kwa muda mrefu haikuangaliwa sana kwa sababu macho ya matabibu yalikuwa kwenye mifupa na ugonjwa wa matege.

Msuli hukaza pale kalsiamu inapomwagika ndani ya seli zake kutoka katika vighala vidogo vilivyomo humo humo, na hulegea kalsiamu hiyo inaporudishwa ghalani, kwa hiyo si ajabu kwamba upungufu mkubwa wa vitamini inayosimamia madini hayo hudhoofisha nguvu. Nyuzi zinazosinyaa zaidi ni zile za kasi, ambazo mtu huzitegemea katika kuruka, kukimbia mbio fupi na kujizuia asianguke, na misuli inayolemewa mwanzo ni ile mikubwa ya nyonga na mapaja. Kijana aliyepungukiwa sana huinuka mkekani kwa kujisukuma mikono magotini, hupanda ngazi akishikilia ukuta, na pengine hutembea akiyumba kama bata. Nyumbani huambiwa ni mvivu, hukumu ambayo mara nyingi hutolewa kabla ya uchunguzi.

Hata hivyo, wengi waliopungukiwa hawana dalili yoyote ya wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 huko Manchester, Uingereza, ulihusu wasichana 99 wa miaka 12 hadi 14 waliokwisha kuvunja ungo, ambao hakuna aliyekuwa akilalamika udhaifu. Kila mmoja alisimama juu ya bamba linalopima msukumo wa miguu na kuruka juu kadiri alivyoweza, na ikaonekana kwamba waliokuwa na vitamini D kidogo katika damu waliruka kwa kasi na nguvu ndogo zaidi. Jaribio lililofuata, ambamo baadhi ya wasichana walipewa vitamini hiyo mara nne kwa mwaka na wengine dawa bandia, halikuonyesha ongezeko la nguvu ya misuli. Kilichoongezeka ni ufanisi wa mwendo, na mabadiliko ya kasi ya kuruka yalitegemea kiwango alichoanza nacho msichana. Kwa hiyo vitamini D haifai kuuzwa kwa wanamichezo kana kwamba ni dawa ya kutunisha misuli, kwani kazi yake ni kuziba pengo pale pengo lilipo.

Pengo hilo haliendani na ukali wa jua la nchi. Vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao, vilivyochapishwa mwaka 2012, vilitoa wastani wa nanomoli 115 kwa lita moja ya damu, ilhali kiwango kinachohesabiwa na wengi kuwa ni upungufu ni chini ya 50. Katika nchi za Ghuba, ambako jua ni kali kuliko linavyotamanika, upungufu ni wa kawaida, kwa kuwa watu hukimbilia vyumba vyenye viyoyozi, husafiri ndani ya magari ambayo vioo vyake huzuia mionzi inayohitajika, na mavazi hufunika sehemu kubwa ya mwili. Kwa familia zilizohamia Uingereza kutoka Afrika Mashariki jambo hilo ni zito zaidi: weusi wa ngozi ni mwavuli wa asili, na kati ya Oktoba na mwanzo wa Machi jua la huko halina nguvu ya kumtosheleza hata mweupe. Ndiyo maana mamlaka za afya za nchi hiyo hushauri mikrogramu 10 kwa siku, na kwa wenye ngozi nyeusi mwaka mzima.

Vibua, dagaa, maini na kiini cha yai vina vitamini hii, ingawa ni nadra chakula pekee kutosha. Kwa upande mwingine, vitamini D huhifadhiwa katika mafuta ya mwili wala haitoki upesi, hivyo kijana anayemeza zaidi ya mikrogramu 100 kila siku kwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari anaweza kupandisha kalsiamu katika damu, akapata kiu, kichefuchefu na hata mawe ya figo.

(Itaendelea)