Kikundi cha Waraibu wa Pombe: Namna ya Kukipata na Yanayojiri Siku ya Kwanza

Miongoni mwa maswali yanayofikishwa kwenye dawati la ustawi wa jamii, lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na aghalabu na mtu anayesema anamuulizia jirani: aliyeshindwa kuacha pombe kwa nguvu zake mwenyewe aende wapi? Sehemu ya jibu ni hospitali. Sehemu ya pili, ambayo wakazi wengi hawajaifahamu vya kutosha, ni vikundi ambamo waraibu husaidiana wao kwa wao.

Tuanze na hospitali, kwa kuwa hapo ndipo makosa ya hatari hutokea. Mtu anayekunywa kwa wingi kila siku, iwe mbege, bia au gongo, hapaswi kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukiikosa hutetemeka na kutoka jasho, moyo huenda mbio, usingizi hupotea. Baadhi hupatwa na degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine, kufikia siku ya tatu, huweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Familia nyingi zikiona hayo hudhani mgonjwa amerogwa au amepandisha mashetani, na saa za kumwokoa hupita. Hali hiyo inaweza kuua, lakini hutibika kwa dawa zinazotolewa chini ya uangalizi wa wataalamu, pamoja na vitamini B1. Mweleze mganga mfawidhi wa zahanati kiasi halisi unachokunywa, bila kukipunguza, ili aone kama unahitaji rufaa. Usijinunulie dawa za usingizi dukani.

Mwili ukishatulia, bado zinabaki jioni za Jumamosi, siku ya mshahara na marafiki wa zamani. Hapo ndipo kikundi kinapohitajika.

Kikundi kinachojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, pale wanaume wawili waliokuwa waraibu, mmoja daktari wa upasuaji, walipogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwasaidia kutokunywa. Leo mikutano yake hufanyika katika nchi zaidi ya 100. Sharti la kujiunga ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Hakuna ada, anayependa huchangia kidogo kwa ajili ya chai na chumba. Mazungumzo yake humtaja Mungu, kila mtu kwa namna anavyomfahamu, lakini kikundi hakifungamani na dini wala chama chochote.

Ili kukipata kikundi kilicho karibu, muulize afisa ustawi wa jamii au wahudumu wa kitengo cha afya ya akili hospitalini. Mwenye simu ya intaneti anaweza pia kushiriki mikutano inayofanyika mtandaoni. Wapo wanaoogopa kuonekana wakiingia, na hofu hiyo si ya kubezwa katika kata ambamo kila mtu anamjua mwenzake. Hakuna kinachokuzuia kuhudhuria katika kata ya jirani. Ndani ya mkutano hutumika jina la kwanza tu, na yanayosemwa humo hayatolewi nje. Sisi tuliozoea vikao vyenye daftari la mahudhurio na posho hushangaa kidogo tunapoelezwa kwamba humo hakuna hata kimoja.

Siku ya kwanza, fika mapema kidogo na useme kuwa u mgeni. Mikutano mingine ni ya wazi, hata ndugu au rafiki anaweza kukusindikiza. Mingine ni ya waraibu pekee, hivyo uliza kwanza. Mtu mmoja huongoza, wengine husimulia kwa zamu yaliyowapata. Hakuna anayemkatiza msemaji wala kumhukumu. Usipotaka kusema, sema tu kwamba leo umekuja kusikiliza. Mkutano mmoja hautoshi kukuonyesha kama kikundi kinakufaa. Hudhuria kadhaa kabla ya kuamua.

Jambo ambalo wageni hulitaja sana ni namna ya kukataa. Kwetu mbege hunywewa harusini, msibani na katika vikao vya ukoo, na kukataa kibuyu cha mjomba huonekana ni kumvunjia heshima. Waliotangulia wanayajua maneno yanayofaa, na saa ya kuaga kabla kibuyu hakijarudi mara ya pili. Mara nyingi mgeni hupata mlezi miongoni mwao, ambaye anaweza kumpigia simu hata usiku. Aliyeteleza akanywa tena hafukuzwi. Huanza kuhesabu siku upya, na kwa maoni yetu safari hiyo ya kurudi ni ngumu kuliko ile ya kwanza.

Wake, waume na wazazi wa waraibu nao wana mikutano yao, iitwayo Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951. Wanaweza kuhudhuria hata kama mraibu mwenyewe amekataa katakata kwenda kokote.

Iwapo katani kwenu hakuna kikundi, watu wawili au watatu waliodhamiria wanatosha kuanzisha. Wanachohitaji ni chumba chenye mlango unaofungika, siku na saa isiyobadilika. Maombi ya kutumia chumba cha ofisi ya kata baada ya saa za kazi hupelekwa kwa mtendaji wa kata. Ya darasa, kwa mwalimu mkuu. Si lazima barua itaje majina ya watakaohudhuria.