Ugonjwa wa mtoto si habari ya kundi la darasa

Siku hizi madarasa mengi yana kundi la WhatsApp. Mwalimu anatuma kazi za nyumbani, ofisi inakumbusha ada, wazazi wanaulizana sare zinapatikana wapi. Ni njia rahisi, hasa kwa mzazi asiyeweza kufika shuleni kila mara. Tatizo huanza pale mtoto anapougua.

Mzazi anapiga picha cheti cha daktari au kadi ya kliniki na kuituma kwenye kundi ili kueleza kwa nini mtoto hajaja. Wakati mwingine ni mwalimu anayeandika, kwa nia njema kabisa, kwamba fulani ameanguka kifafa darasani, tumwombee. Ujumbe huo unasomwa na wazazi wa darasa zima, na kwa kuwa watoto wengi hushika simu za wazazi wao jioni, unasomwa na wanafunzi pia. Mtoto akirudi shuleni anakuta ameshapewa jina jipya.

Madhara yake hayaishii kwenye aibu. Mtoto mwenye kifafa anayeogopa kuchekwa huanza kuficha vidonge, na kuacha dawa ghafla kunaweza kumfanya aanguke mfululizo bila kupata fahamu, hali inayoweza kuua. Anayeishi na VVU akiruka dozi ili asionekane na kopo la dawa, virusi vinapata nafasi ya kuwa sugu. Mwenye selimundu anavumilia maumivu kimyakimya hadi anafikishwa hospitali akiwa na hali mbaya.

Kufuta ujumbe hakutoshi, kwani aliyekwisha kuuhifadhi au kuusambaza bado anao. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa taarifa nyeti.

Je, mwalimu asiambiwe? Hapana, mwalimu wa darasa anatakiwa kujua yale yatakayomsaidia kumlinda mtoto. Mwone ana kwa ana au mpigie simu, na umweleze la kufanya.

Kwa kifafa: amlaze mtoto ubavu, aondoe vitu vinavyoweza kumuumiza, asimkandamize wala kumtia kitu mdomoni, na aangalie saa. Degedege ikizidi dakika 5, apelekwe hospitali haraka. Kwa selimundu: aruhusiwe kunywa maji mara kwa mara na kwenda chooni, asikae kwenye baridi, na akipata homa aonwe na daktari siku hiyohiyo. Kwa pumu: dawa ya kuvuta ikae karibu naye, si kwenye kabati lililofungwa.

Kwenye kundi lenyewe, wazazi na walimu mkubaliane mambo machache. Vyeti vya daktari vitumwe kwa mwalimu peke yake. Picha za watoto wagonjwa au walioumia zisiwekwe. Ikibidi kutoa taarifa, inatosha kuandika kuwa mtoto hatakuja leo. Ukipanga michango ya matibabu, pata kwanza ridhaa ya wazazi wake, na usitaje ugonjwa. Ukikuta ujumbe wa namna hiyo, usiusambaze. Mwombe aliyeutuma aufute.

Mtoto wako akianza kulalamika tumbo au kichwa kila asubuhi ya shule, akikosa usingizi, akikataa dawa alizokuwa akimeza bila shida, au akishtuka simu inapolia, muulize kwa upole kama kuna lililosemwa juu yake. Usimkemee. Mlete kliniki, maana dalili hizo zinahitaji kuchunguzwa. Akisema anataka kufa au kujidhuru, usimwache peke yake na umpeleke hospitali mara moja. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na mzazi pia anaweza kuitumia.

Mtoto mkubwa aulizwe ni nani angependa ajue ugonjwa wake. Akijua siri yake iko salama, atameza dawa zake bila hofu.